Mdudu Hai Mbele ya Jua

Historia ya upigaji picha aghalabu husimuliwa kwa nyuso za watu wakubwa, majumba na vita. Ni wachache wanaokumbuka kwamba miongoni mwa vitu vya kwanza kabisa kuchorwa na nuru juu ya karatasi lilikuwamo bawa la mdudu. Habari hiyo ilichapishwa London mwaka 1802, miaka 37 kabla ya ulimwengu kutangaziwa rasmi kwamba ufundi wa picha umepatikana. Tangu siku hizo mwanadamu hajaacha kumwelekezea mdudu kioo chake cha kukuzia, na kwa sehemu kubwa ya muda huo taa yake ilikuwa moja tu, nayo ni jua.

Taa hiyo haina bei, lakini ina masharti. Kadiri kitu kinavyokuzwa ndivyo nuru yake inavyotawanyika na kufifia. Mpiga picha anapotaka nzi aonekane juu ya filamu kwa ukubwa wake halisi, nuru inayofika hapo ni robo tu ya ile ambayo ingefika kama angepiga picha ya mlima ulio mbali kwa tundu lilelile la lenzi. Akitaka nzi huyo akuzwe mara 5, hupata sehemu moja katika 36. Akitaka mara 10, hupata sehemu moja katika 121. Hapo hana budi kuiacha nuru iingie kwa muda mrefu zaidi, ilhali mdudu hana desturi ya kutulia. Ndipo mtu akajikuta njia panda: ama amuue mdudu ili anyamaze mbele ya jua, ama ajifunze kumngoja. Historia ya fani hii, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya njia hizo mbili na ya wale waliozipita.

Dirisha ndani ya jicho la nzi

Somo la nuru lilifundishwa kabla lenzi za kukuzia hazijaenea. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manazir katika miongo ya mwanzo ya karne ya 11. Kabla yake walikuwapo wataalamu wakubwa waliodai kwamba jicho hutoa miali yake yenyewe, ikaenda kukigusa kitu kinachotazamwa. Yeye alishikilia kinyume chake, kwamba nuru ndiyo hutoka kwenye kitu na kuingia jichoni, na akafanya majaribio katika chumba chenye giza na tundu dogo ili kuonyesha jinsi nuru inavyokwenda kwa mistari iliyonyooka. Kila kamera iliyoundwa baadaye ni mjukuu wa chumba hicho. Mwenye kuona hapeleki kitu, hupokea.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke, aliyekuwa msimamizi wa majaribio katika jumuiya ya wanasayansi ya London iitwayo Royal Society, alichapisha kitabu chake Micrographia. Humo mna picha za vitu na viumbe vilivyotazamwa kwa hadubini, zikiwa zimechorwa kwa mkono, na kiroboto wake, aliyechorwa juu ya karatasi kubwa ya kukunjua, ndiye aliyepata umaarufu kuliko wote. Lakini kwa fani inayozungumzwa hapa, chenye thamani zaidi ni maelezo ya Hooke juu ya nuru. Alichagua chumba chenye dirisha moja linaloelekea kusini. Aliweka tufe la kioo lililojaa maji ili likusanye miali, na karibu na mdudu, upande nuru inakotoka, akaweka karatasi iliyopakwa mafuta ili ukali wa jua upoe na kuenea sawasawa. Mpiga picha wa leo anayeshika kipande cha kitambaa cheupe juu ya panzi wakati wa jua kali anarudia, pengine bila kujua, hila iliyoandikwa zaidi ya miaka 350 iliyopita.

Hooke alikuwa na sababu ya kuhangaika hivyo. Aligundua kwamba jicho la nzi halina sura moja. Katika nuru ya namna fulani lilionekana kama wavu wenye matundu mengi; lilipopigwa na jua lilionekana limejaa misumari ya dhahabu; lilipogeuzwa likawa na piramidi, na lilipogeuzwa tena likawa na koni. Kwa hiyo hakuanza kuchora mpaka amemtazama mdudu katika nuru nyingi na kutoka pande nyingi, ndipo aamue umbo la kweli ni lipi. Alikadiria vijicho vya nzi mmoja kuwa karibu 14,000. Na juu ya vijicho hivyo akaona, vikiwa vidogo mno, dirisha la chumba chake, mti uliosimama nje, na vidole vyake mwenyewe alipovipitisha mbele ya nuru.

Chungu, hata hivyo, alimtoa jasho. Hooke alipomfunga miguu kwa nta au gundi, chungu alijipinda na kujinyonganyonga asionekane vizuri; alipomuua, umbo lake dogo liliharibika kabla halijatazamwa sawasawa. Mwishowe alimtumbukiza katika pombe kali. Chungu akalewa chakari, akalala bila kujimudu kwa muda wa saa nzima hivi, kisha akazinduka ghafla na kukimbia. Kuua au kungoja: suala hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa, na Hooke aliitafuta njia ya tatu ndani ya chupa.

Bawa, chumvi na karatasi

Katika karne ya 18 kilienea Ulaya chombo kilichoitwa hadubini ya jua. Kioo bapa kilikaa nje ya dirisha na kuirudisha miali ya jua ndani ya chumba chenye giza. Miali hiyo ilipita kwenye kitu kidogo na kwenye lenzi, na taswira iliyokuzwa ikaangukia ukutani. Watu walikusanyika kumtazama kiroboto aliyekuwa mkubwa kuliko paka. Jua likizibwa na wingu, tamasha lilikwisha.

Hapo ndipo Thomas Wedgwood, mwana wa mfinyanzi mashuhuri Josiah Wedgwood, alipoanza kujaribu kuizuia taswira isipotee. Alilowesha karatasi na ngozi nyeupe kwa maji yenye chumvi ya fedha, ambayo huwa nyeusi ikipigwa na nuru, kisha akaweka juu yake vitu vyembamba. Rafiki yake, mkemia Humphry Davy, ndiye aliyeandika habari za majaribio hayo mwaka 1802. Alieleza kwamba majani na mabawa ya wadudu huacha alama zao kwa usahihi mzuri, na kwamba taswira za hadubini ya jua nazo zilikubali kunakiliwa. Ugumu ulikuwa mmoja. Nuru iliyoichora picha ndiyo hiyohiyo iliyoifuta, kwani kila ilipotolewa nje itazamwe, sehemu nyeupe nazo zilianza kuwa nyeusi. Ilibidi zifichwe gizani na kuangaliwa kwa muda mfupi kwenye kivuli au kwa mwanga wa mshumaa. Mtu alikuwa amepata picha ambayo jua halikuruhusu iangaliwe.

Aliyelivuka pengo hilo nchini Uingereza ni William Henry Fox Talbot wa Lacock. Alitambua kwamba maji yenye chumvi nyingi ya kawaida, ile ya mezani, huipunguzia karatasi wepesi wa kudhurika na nuru. Mwaka 1839 rafiki yake John Herschel akamwonyesha dawa iliyo bora zaidi, ambayo iliendelea kutumiwa katika vyumba vya kusafishia picha vizazi hata vizazi. Mwezi Januari mwaka huo huo Talbot alizionyesha kazi zake London, na miongoni mwake zilikuwamo taswira za hadubini ya jua. Karibu na mwaka 1840 alipiga kwa hadubini hiyo picha ya mabawa ya mdudu ambayo imehifadhiwa hadi leo: mishipa yake imesimama kama mito iliyochorwa kwenye ramani.

Si ajabu kwamba wote hao walichagua bawa. Bawa ni jembamba, hupitisha nuru, na likishang'olewa halitikisiki. Karatasi za siku zile zilidai kukaa mbele ya jua kwa dakika nyingi, na hakuna mdudu hai ambaye angetoa dakika hizo. Kwa namna hiyo picha za kwanza za wadudu zilikuwa picha za viungo, nayo miili iliyobeba viungo hivyo haikuonekana.

Bwana wa Harmas na kamera ndefu

Mtu aliyeisimamia njia ya pili, ile ya kungoja, alikuwa Mfaransa Jean-Henri Fabre. Alizaliwa mwaka 1823 katika familia maskini, akawa mwalimu wa shule, na sehemu kubwa ya elimu yake aliichuma mwenyewe. Mwaka 1879 alipata nyumba na kiwanja katika kijiji cha Sérignan, kusini mwa Ufaransa, akakiita Harmas, yaani ardhi ya mawe isiyolimwa. Kuanzia mwaka huo hadi 1907 alitoa majuzuu 10 ya kumbukumbu zake juu ya wadudu. Aliwakemea wataalamu waliompasua mdudu juu ya meza, naye akajigamba kwamba anamsoma akiwa hai, nje, penye jua na sauti za nyenje. Wapenzi wa ushairi watafurahi kujua kwamba Fabre alikuwa pia malenga katika lugha ya Kiprovensali, lugha ya nyumbani iliyokuwa ikibanwa na Kifaransa cha serikali.

Fabre alikuwa mtu wa kalamu zaidi kuliko lenzi. Hata hivyo, katika uzee wake mwanawe Paul-Henri alishika kamera na kupiga picha za wadudu wa Harmas, na picha hizo zikaingizwa katika matoleo ya vitabu vya baba yake. Humo wadudu wanaonekana kwenye udongo wao na kwenye majani yao. Mtazamaji huona kiumbe yuko wapi na anafanya nini, mambo mawili ambayo bawa pekee haliwezi kuyasema.

Wakati Fabre anakaribia kufa (alifariki mwaka 1915), huko Marekani ilitoka kazi ya namna nyingine kabisa. David Fairchild, mtaalamu wa mimea aliyezunguka dunia akitafutia nchi yake mbegu na miche, na mkewe Marian, binti wa Alexander Graham Bell, walichapisha mwaka 1914 kitabu kiitwacho Book of Monsters. Kwa kamera iliyorefushwa hadi kufikia mita tatu na nusu na zaidi, waliwapiga picha panzi, buibui na nyigu wa viunga vya Maryland, wakiwakuza mara nyingi kuliko umbo lao. Waliishusha lenzi mpaka usawa wa uso wa mdudu, kana kwamba mtazamaji mwenyewe amekuwa mdogo kama yeye. Kwa njia hiyo panzi wa uani aligeuka jitu lenye kofia ya chuma.

Kamera ndefu kiasi hicho hupokea nuru chache mno. Wadudu wale walikuwa wamekufa, wakasimamishwa juu ya vigogo vidogo kwa nta ya mshumaa, miguu ikipangwa mmoja mmoja ili waonekane wanatembea. Kazi ile ilikuwa ya heshima na ya upendo, na wengi waliwaona wadudu kwa macho mapya kwa sababu yake. Lakini mwendo uliomo katika picha zile ni wa kubuni. Fairchild na mkewe walipata uso wa panzi na kuukosa mruko wake.

Umeme waingia

Mruko huo nao ulikuwa na watu wake. Mwishoni mwa miaka ya 1860 mwanafiziolojia wa Kifaransa Étienne-Jules Marey alibandika kipande chembamba cha dhahabu kwenye ncha ya bawa la nyigu, akamweka kwenye miali ya jua. Bawa lilipopigapiga, dhahabu iliwaka na kuchora hewani umbo la tarakimu 8. Kwa kifaa kingine, bawa likigusa karatasi yenye masizi, alihesabu kwamba nzi wa nyumbani hupiga mabawa mara 330 kwa sekunde. Jua lilimwonyesha njia ya bawa, lakini kamera za zama zile zilikuwa nzito mno kuikamata hatua kwa hatua.

Mwaka 1904, katika taasisi iliyobeba jina la Marey, msaidizi wake Lucien Bull aliacha kulitegemea jua. Alitumia cheche za umeme, kila cheche ikiwa taa ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kwa cheche hizo akapata zaidi ya picha 1,000 katika sekunde moja za mdudu anayeruka. Katika miaka ya 1930 Harold Edgerton wa Marekani aliiboresha taa ya mmweko ya umeme, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia taa za namna hiyo zikaingia mikononi mwa wapiga picha wa kawaida. Mwaka 1975 Mwingereza Stephen Dalton alitoa kitabu Borne on the Wind, chenye picha za wadudu wakiwa angani, mabawa yametulia kama yaliyochongwa. Mdudu hai hatimaye alikuwa amekamatwa bila kuguswa.

Faida ilikuwa kubwa, na hasara yake ilionekana polepole. Mmweko hufika karibu na kufifia upesi. Mdudu huwaka, na nyuma yake bustani nzima huzama katika giza la usiku hata kama picha imepigwa adhuhuri. Aidha, gamba la mdudu hung'aa, na rangi za wengi wao hazitokani na wino wowote. Buluu ya kipepeo aina ya Morpho wa Amerika ya Kusini huzaliwa na umbo la vigamba vyake, na hubadilika nuru inapobadilisha upande. Hooke aliligusia jambo hilo aliposoma manyoya ya tausi na kuona rangi zikitoweka zinapolowa maji. Kwa kiumbe wa namna hiyo, kubadilisha taa ni kubadilisha rangi ya mavazi yake. Zaidi ya hayo, jua ni sehemu ya maisha ya mdudu mwenyewe. Kipepeo hupasha mabawa yake moto kabla ya kuruka, na nyuki, kama alivyothibitisha Karl von Frisch, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, huitumia pembe ya jua kuwaelekeza wenzake maua yaliko. Picha iliyofuta jua imefuta saa na dira ya mdudu.

Kuinama

Miaka ya 1950 ilileta chombo kilichokuwa kinakosekana. Mwaka 1955 ilitoka lenzi ya Makro-Kilar, kazi ya fundi Heinz Kilfitt, iliyomwezesha mpiga picha kukaribia kitu sana kwa kamera ndogo ya mkononi. Mwaka uliofuata kampuni ya Nippon Kogaku ya Japani ikatoa Micro-Nikkor. Lenzi hii haikukusudiwa wadudu. Iliundwa ili nyaraka za Kijapani, zenye herufi za mistari mingi iliyosongamana, zinakiliwe kwenye filamu ndogo bila mstari kupotea. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya kusoma maandishi ndicho kilichowafundisha wengi kuusoma mguu wa nyuki.

Tangu hapo, kumpiga picha mdudu hai kwa nuru ya jua kukawa suala la mwili na subira zaidi kuliko la mitambo. Mdudu anapokuzwa kufikia ukubwa wake halisi, sehemu inayoonekana wazi kutoka mbele hadi nyuma ni milimita moja au mbili tu. Jicho likionekana, pembe hazionekani. Pumzi ya mpiga picha inatosha kuiharibu picha. Wenye uzoefu hutoka alfajiri, kwa sababu mdudu hulitegemea joto la nje. Usiku unapompoza hubaki ameshika jani, amelowa umande, asiweze kuruka mpaka jua limfikie. Kati ya mapambazuko na joto hupatikana muda mfupi ambao nuru ni laini, upepo haujaamka, na mdudu yupo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa kuinama ni kulala kifudifudi kwenye nyasi zenye maji.

Kiswahili kina mdudu anayefaa kuwa mlezi wa fani hii. Vunjajungu, yule wa miguu iliyokunjwa kama mwenye kuomba, alipata jina lake kwa imani ya zamani kwamba mwenye kumgusa atakivunja chombo atakachokishika baadaye. Wenye kuamini hivyo walimtazama wakauzuia mkono. Wapishi walichunga vyungu vyao na mdudu akasalimika. Hiyo ndiyo adabu yote ya mpiga picha wa wadudu hai, nayo ilikuwa imefungwa katika jina moja kabla lenzi haijafika pwani.

Mitambo nayo haikusimama. Kamera za dijitali za karne ya 21 huona kwenye kivuli ambacho filamu isingeona, na programu za kompyuta huunganisha picha nyingi, kila moja ikiwa na kipande chake kilicho wazi, zikawa picha moja iliyo wazi yote. Mwaka 2016 Mwingereza Levon Biss alionyesha katika jumba la makumbusho ya viumbe la Chuo Kikuu cha Oxford picha za wadudu zilizochapishwa hadi kufikia urefu wa mita tatu, kila moja ikiwa imeunganishwa kutoka picha zaidi ya 8,000. Ni kazi ya kustaajabisha. Nao wadudu wake, kama wale wa Fairchild, walikuwa wamekufa, wametolewa kwenye masanduku ya makumbusho, na taa zilikuwa za umeme. Ufundi ulipofika kileleni ulirudi kwenye sindano.

Picha na sindano

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kuwagawa watu hawa katika wema na waovu. Mwezi Mei mwaka 2011, katika hifadhi ya msitu wa Selangor nchini Malaysia, mpiga picha Hock Ping Guek alimwona mdudu wa kijani mwenye mabawa kama kitambaa cha lesi, yenye mishipa myeusi na alama za buluu karibu na shina lake. Alimpiga picha, na mdudu akaenda zake. Picha ilipowekwa kwenye intaneti ilionwa na Shaun Winterton, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa California, naye akatambua kwamba mdudu yule hajawahi kuandikwa na sayansi. Lakini picha peke yake haikutosha. Guek ilibidi arudi msituni, na baada ya kitambo alimpata mwingine, akamkamata na kumpeleka London kwenye makumbusho akachunguzwe. Mwaka 2012 mdudu huyo alipewa jina la Semachrysa jade. Subira iliufungua mlango, sindano ikaandika jina.

Hadithi ya kereng'ende inafanana na hiyo, nayo inaigusa Bahari ya Hindi yenyewe. Kwa miaka mingi mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldives, aliandika tarehe ambazo kereng'ende wa rangi ya manjano, Pantala flavescens, walitokea kisiwani. Lilikuwa jambo la ajabu, kwani kereng'ende hutaga katika maji baridi, na visiwa vile karibu havina maji hayo juu ya ardhi. Kila mwaka walifika makundi kwa makundi kuanzia mwezi Oktoba, kisha wakatoweka. Mwaka 2009 Anderson alichapisha hoja yake kwamba wadudu hao hutoka Bara Hindi, hupita Maldives na Shelisheli, na kufika Afrika Mashariki wakiwa wamebebwa na upepo wa msimu pamoja na mvua zake. Kisha vizazi vyao hurudi upepo unapogeuka. Safari nzima alikadiria kuwa kati ya kilomita 14,000 na 18,000. Mwaka 2012 watafiti wengine walizichunguza kwa kemia chembe za mabawa ya kereng'ende waliokamatwa Maldives, wakakuta dalili kwamba wametoka kaskazini mwa Bara Hindi. Bawa lilitoa ushahidi tena, kama mwaka 1802. Lakini swali lenyewe lilizaliwa na mtu aliyetazama angani kila mwaka na kuandika tarehe.

Suala hilo sasa si la anasa. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika maeneo 63 ya hifadhi nchini Ujerumani, ukaonyesha kwamba uzito wa wadudu warukao walionaswa mitegoni ulikuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 75 katika muda wa miaka 27. Takwimu hizo zilipatikana kwa sababu walikuwapo watu waliopima mwaka baada ya mwaka, mahali palepale. Sehemu nyingi za dunia hazikuwa na watu wa kupima, na huko picha ya mdudu hai, yenye tarehe na jina la mahali, yaweza kuwa ushahidi pekee kwamba kiumbe fulani aliwahi kuwapo.

Kusi wapeperushaji wa majahazi huujua, na kaskazi huujua pia. Nahodha huzihesabu siku zake kwa pepo hizo. Kereng'ende naye huja na kaskazi, akatua kwenye kamba ya kuanikia nguo, kwenye mlingoti, kwenye jani la mhogo. Asubuhi na mapema, kabla jua halijamkausha, huwa ametulia. Picha moja aliyopigwa kwa nuru hiyo, ikiandikwa siku na mtaa, haimpunguzii chochote. Jua likipanda hujipasha moto, hutikisa mabawa yake manne, na kuendelea na safari yake.